Ndege ndogo za mashindano na motere zao

Juma lililopita, baada ya mkutano, mama mmoja alitushika mkono mlangoni akasema: "Mwalimu, mtoto wangu hasomi tena. Kutwa nzima anakunja nyaya na kukata makopo, anatengeneza ndege. Sasa ananiambia kuna ndege ndogo zenye motere ya kweli, na watu wazima wanazishindanisha. Anadanganya ao ni kweli?"

Ni kweli, mama. Mambo hayo tulianza kuyafuata wakati tulikuwa tunasoma ISP, kwa vitabu na kwa video. Motere yenyewe hatujaishika mikononi. Lakini namna wanavyoitafutia vipande na kuitengeneza, tunaona inatugusa sisi wote hapa, na mwishoni mtaelewa sababu.

Kuna aina nyingi za mashindano hayo. Tutaongea juu ya moja inayoitwa F2C, ambayo ina mashindano yake ya dunia kila miaka miwili. Ndege haiongozwi na redio. Imefungwa kwa nyaya mbili nyembamba za chuma. Rubani anasimama katikati, anashika mpini, na ndege inamzunguka. Ndege tatu zinaruka pamoja ndani ya duara moja, na marubani watatu wanazungukana katikati wakiangalia nyaya zisifungane. Kutoka katikati mpaka kwenye ndege ni metre 15,92. Mwenye mtoto wa darasa la sita amwambie azidishe hiyo kwa mbili, kisha kwa 3,14. Atapata karibu metre 100, maana yake mizunguko kumi ni kilometre moja. Mbio za kwanza ni mizunguko 100, na za mwisho ni 200.

Timu ni watu wawili: rubani, na fundi anayechuchumaa pembeni ya duara. Motere hairuhusiwi kupita sentimetre kibu 2,5, ni kama nusu ya kijiko cha chai. Tangi la mafuta halipite sentimetre kibu 7. Kwa hiyo ndege lazima itue njiani. Inapotua, fundi anaikamata kwa bawa, anaingiza mafuta kutoka kwenye chupa ndogo aliyofunga mkononi, anapiga panga kwa kidole, motere inawaka, anaiachia. Yote hayo ni sekunde chache tu. Timu nzuri zinamaliza kilometre 10 kwa dakika tatu na kitu, pamoja na kutua huko.

Hapo ndipo hesabu inaingia. Kama tangi moja linafikisha mizunguko 34, tangi tatu zinatosha kwa 100, unatua mara mbili. Kama linafikisha 32, tangi tatu zinaishia kwenye 96, na kwa mizunguko minne iliyobaki unapaswa kutua tena. Umeshindwa na watu ambao hawakuzidi mbio zako. Kwa hiyo fundi anatafuta namna ya kupunguza mafuta yanayoingia. Lakini akipunguza kupita kiasi, motere inapata moto sana, inachoka katikati ya mbio, ao inakamata kabisa.

Motere hiyo haina buji. Inawasha mafuta kwa kuyabana tu, kama motere ya lori la mazuti. Mafuta yake ni mchanganyiko wa eteri, mafuta ya taa na mafuta ya kulainisha. Zamani, na kwa wengi mpaka leo, mafuta hayo ya kulainisha ni ya mbarika. Ndiyo, mbarika hii hii inayoota nyuma ya nyumba zetu, ambayo bibi zetu walikuwa wanatunywesha tumbo likifunga. Mafuta yake yanavumilia moto mkali, ndiyo maana wenye motere za mbio waliyapenda.

Fundi ana vitu viwili vya kugeuza. Cha kwanza ni sindano inayopima mafuta. Cha pili ni skuru ya juu inayoongeza ao kupunguza mbano. Motere ikiwa baridi, inaomba mbano zaidi kidogo. Ikipata moto, unairudisha. Asiyejua anakaza skuru mpaka mwisho kwa sababu inawaka vizuri asubuhi, kisha saa sita anashangaa chuma kimepinda. Mzoefu anasikiliza. Mafuta yakizidi, sauti ni nzito, inakatika-katika. Akifunga sindano polepole, sauti inapanda, inakuwa moja, kali na safi. Pale inapofika juu kabisa, mwanafunzi anafurahi na kuacha. Mzoefu anarudisha sindano nyuma kidogo, kwa sababu anajua kwamba hewani panga linapata wepesi, motere inaongeza mbio, na kile kilichokuwa kinatosha chini kinakuwa kidogo huko juu. Anatazama pia mafuta yanayotoka kwenye bomba la moshi. Yakiwa meusi, kuna chuma kinachokula chuma, ao moto umezidi.

Na vipande? Vya mbio hizi havipatikani kwenye duka la kawaida. Motere nyingi zinatengenezwa kwenye atelie ndogo za watu wachache, na Ukraine inajulikana sana kwa kazi hiyo. Unaagiza, unangojea. Kuna pia motere za zamani ambazo kiwanda chake kimekwisha kufunga. Motere ndogo za Cox kutoka California, za karibu sentimetre kibu 0,8, zilitengenezwa kwa wingi sana, watoto wengi wa Marekani walianzia kwazo. Leo wanaozipenda wananunua tatu zilizokufa ili kupata moja iliyo hai: mwili wa hii, kichwa cha ile. Inawezekana kwa sababu vipande vingi vya motere hizo vinaingiliana.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hawachanganyi hivi hivi: pistoni na silinda yake. Kwenye motere hizi ndogo pistoni mara nyingi haina segma. Inakaa ndani ya silinda kwa kupimwa sawasawa tu, na hizo mbili zimezoeana kama mtu na bibi yake. Ukinunua pistoni mpya na kuiweka ndani ya silinda iliyolika, mbano unapotea. Zingine zimetengenezwa kwa makusudi ziwe zinakaza juu zikiwa baridi na kulegea zikipata moto. Mwanafunzi anaona inakaza, anafikiri ni kosa, anachukua tupa na kusugua. Hapo ameiua.

Sasa wamama, mkumbuke grupu yetu ya masomo ya jioni. Nayo inachanganya esansi na mafuta mazito, ni ndugu mkubwa wa motere hizo. Mwaka jana fundi mmoja alituambia inatoa moshi kwa sababu tunatia mafuta mazito mengi, tukapunguza. Moshi ulikwisha kweli, na sauti ikawa tamu, sisi wenyewe tuliisifia. Siku ya kumi na moja ikakamata. Tukachanga pesa ya likelemba, tukatuma mtu sokoni kununua pistoni. Aliichagua kwa macho. Silinda yetu ilikuwa imekwisha kupanuliwa zamani, kwa hiyo pistoni ya ukubwa wa kwanza ilikuwa inacheza ndani. Miezi miwili wamama ishirini na tisa hawakusoma jioni, na wengine hawakurudi mpaka leo. Kosa hilo ni letu pia. Tulikuwa na diploma, tulikuwa tunajua habari ya pistoni za ndege ndogo, na hatukufungua mdomo kwa sababu tulifikiri motere ni mambo ya mafundi.

Kwa pesa ambayo kamati imetoa safari hii, tunaomba mambo mawili. Silinda yenyewe iende sokoni pamoja na mnunuzi, ipimwe kwa kipimo cha chuma, na tusilipe mpaka pistoni imeingizwa mbele yetu. Na motere ikiwa mpya, isibebeshwe mzigo wote siku ya kwanza. Wenye ndege wanaiacha izunguke kwa muda mfupi, na mafuta mengi, inapoa, wanarudia, mara nyingi. Taa mbili tu kwa juma la kwanza. Mwenye kutaka kuchaji simu atatuvumilia.

Neno moja kwa mama yule na kwa wengine ambao watoto wao wamekwisha kuona video hizo. Eteri inashika moto kwa cheche ndogo, hata mvuke wake. Na motere zingine za ndege, zile za kuwashwa kwa waya mwekundu wa platini ambazo Mmarekani Ray Arden alizileta sokoni mwaka 1947, zinatumia metanoli. Metanoli ni alkoholi, lakini si ya kunywa. Kiasi kidogo kinapofusha macho, kikizidi kinaua, na mwali wake mchana hauonekani. Mtoto asijaribu kuchanganya kitu chochote cha namna hiyo jikoni. Ndege za waya na makopo, amruhusu. Na panga linalozunguka, hata la plastiki, linakata kidole.

Siku ya pili, saa tisa, tutafungua grupu mbele ya darasa la sita, wavulana na wasichana, kila mmoja ashike pistoni iliyoharibika na kuona mistari iliyochubuka. Mama, mlete mtoto wako hata kama si wa darasa hilo. Aje na ndege yake.