Mashine ya Michezo Iliyokufa Bado Ina Kazi



Anayetembea mitaani Butembo au Beni wakati wa mchana hakosi kukutana na chumba kidogo chenye pazia mlangoni, na nyuma ya pazia makelele ya vijana. Humo mna televisheni mbili au tatu, mabenchi, na mashine za PlayStation ambazo zimepita katika mikono mingi kabla ya kutufikia. Mchezaji hulipa franka chache kwa mechi moja ya mpira. Aliyeshindwa huinuka, mwingine huketi. Wengi wetu tumekalia mabenchi hayo, kwa hiyo hatusimami hapa kama mahakimu. Leo tunataka kuzungumza juu ya kile kinachokaa kwenye kona ya vyumba hivyo, nacho ni lile sanduku la mashine zilizokufa.

Mashine hizo mara nyingi hufa kwa namna moja. Kinachochoka kwanza ni lenzi, lile jicho dogo linalosoma diski. Siku moja mashine hukataa diski, kesho yake hukubali baada ya kupigwapigwa, na baada ya mwezi hukataa kabisa. Mwenye chumba huchukua waya na maneti, na kiwiliwili huuzwa kwa bei ya chakavu au hutupwa bondeni pamoja na takataka nyingine. Sisi tunasema kwamba mashine hiyo haijafa. Inaweza kuwa chombo cha kuonyeshea filamu, picha na nyimbo nyumbani au katika ukumbi wa parokia. Tena tunasema kwamba kijana anayejifunza kuigeuza hupata faida inayozidi filamu zote atakazotazama.

Wazo hili halikuanzia kwetu. Tarehe 15 Novemba 2001 kampuni ya Microsoft ilianza kuuza mashine yake ya michezo, Xbox, huko Marekani. Kwa umbo ilikuwa ya michezo, lakini kwa ndani ilikuwa kompyuta kamili: kichakataji cha megahezi 733, kumbukumbu ya megabaiti 64, na diski kuu yake yenyewe. Watu waliokuwa wakiandika programu kwa kujitolea, bila mshahara, walitambua kwamba chombo hicho kinaweza kusoma filamu na muziki. Mwaka 2002 walianza programu ndogo, na mwaka 2004 ikatoka kwa jina la XBMC, yaani kituo cha habari na burudani cha Xbox. Programu hiyo ilikua hata ikaiacha nyuma mashine iliyoizaa. Tangu mwaka 2014 inaitwa Kodi, nayo leo hufanya kazi katika kompyuta, simu na televisheni duniani kote, bila malipo. Ilianza na watu wachache waliokataa kuamini kwamba sanduku lina kazi moja tu.

Kwetu Xbox ya kwanza ni adimu. Iliyojaa ni PlayStation 2 ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Machi 2000, ikaendelea kutengenezwa hadi mwanzo wa mwaka 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150, na ndiyo sababu zinatufikia hadi leo, pamoja na mizigo mingine ya mitumba inayopita Kasindi. Mashine hiyo ina matundu mawili ya USB upande wa mbele, na tundu la kadi ya kumbukumbu. Mafundi wa kujitolea walitunga programu iitwayo Free McBoot, ambayo hukaa ndani ya kadi ya kumbukumbu na kuiamsha mashine bila diski yoyote. Humo huongezwa programu nyingine, Simple Media System, inayosoma filamu na nyimbo kutoka kwenye flashi. Hivyo ile lenzi iliyokufa haihitajiki tena. Mashine ambayo mwenye chumba aliizika huinuka kwa kadi moja, na kadi iliyokwisha kuandaliwa huweza kununuliwa au kunakiliwa kwa rafiki mwenye mashine nzima.

Lakini mpango huu una mipaka yake, nayo tuiseme. Baadhi ya mashine zilizotengenezwa miaka ya mwisho hazikubali njia ya Free McBoot. Fundi asome kwanza namba iliyoandikwa chini yake. Matundu ya USB ni ya kizazi cha kwanza, kwa hiyo hupitisha data polepole. Filamu mpya kutoka kwenye simu haitaonekana. Sharti kwanza igeuzwe kwa kompyuta iwe ya aina ya zamani, DivX au XviD, yenye ukubwa wa picha kama wa DVD. Kwa televisheni nene za zamani, zile zenye matundu mekundu, meupe na ya manjano, ukubwa huo unatosha kabisa.

Katika kundi letu tulijifunza kwa hasara. Mashine ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ile nyembamba yenye adapta ya nje. Umeme ulikuwa haupo, na mmoja wetu, kwa bidii kuliko maarifa, akaunganisha waya moja kwa moja na batri ya sola. Batri ile ni ya volti 12. Mashine inataka volti 8.5. Tulisikia mlio mdogo, tukanusa harufu, na kazi ikaishia hapo. Hakuna aliyecheka. Mashine ya pili ilisubiri majuma matatu mpaka tukapata kifaa cha kupunguza volti, na safari hii tulipima mara mbili kabla ya kuwasha. Tangu siku hiyo, katika kundi letu, hakuna waya unaounganishwa kabla ya mtu wa pili kuusoma mita. Somo hilo tusingelipata kwa kununua chombo kipya dukani.

Tuna sababu nyingine ya kutotupa mashine hizi, nayo inatuhusu sisi wa Kivu kuliko watu wengine. Ndani ya vyombo vya umeme mna vipande vidogo viitwavyo kapasita, na vingine hutengenezwa kwa tantali, madini yanayotoka katika koltani. Mwaka 2000, mwaka uleule PlayStation 2 ilipoingia sokoni, bei ya tantali ilipanda ghafla duniani, kwa sababu simu, kompyuta na mashine za michezo viliihitaji kwa pamoja. Hapa Kivu watu waliacha mashamba na watoto waliacha shule wakaenda kuchimba, huku wenye silaha wakitoza njiani. Mwezi Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti juu ya uporaji wa mali za Kongo, na koltani ilikuwa miongoni mwa mali hizo. Mwaka huohuo bei ikaporomoka, na waliochimba wakabaki na mashimo. Hatusemi kwamba mchezo wa watoto ndio ulioleta vita. Vita vyetu vina mizizi mingi. Tunasema tu kwamba udongo wetu ulikwenda mbali, ukawa chombo, ukachezewa na watoto wa nchi nyingine, na sasa umerudi kwetu kama chakavu. Kumbe tukiutupa bondeni tumeupoteza mara mbili.

Wapo watakaotupinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza atasema: simu hufanya yote hayo kwa umeme mdogo zaidi. Ni kweli. PlayStation 2 nyembamba hula wati ishirini na kitu, na televisheni huongeza zake. Simu haifiki hata robo ya hapo. Nyumba yenye paneli moja ya sola haina budi kuchagua kati ya filamu na taa ya mwanafunzi, na sisi tunasema bila kusita: taa kwanza. Ila simu hutazamwa na mtu mmoja, mgongo wake umewaelekea wengine. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na wengi wetu tumezoea kujifungia mapema jioni. Nyumba nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vijiji vyao. Usiku wa namna hiyo, mtoto aliyeona mabaya hahitaji simu ya kujificha nayo. Anahitaji kuketi kati ya watu na kucheka pamoja nao. Saa moja ya televisheni iliyotazamwa na watu kumi ina thamani yake.

Wa pili atasema kwamba ufunguo unaofungua mashine kwa ajili ya filamu huifungua pia kwa michezo na filamu za wizi. Hilo nalo ni kweli, tena ndilo linalotusumbua zaidi. Kutengeneza chombo chako mwenyewe ni jambo moja. Kuuza jasho la mtu mwingine ni jambo jingine. Hata wale wa XBMC walikutana na mpaka huo: waliutoa msimbo wao waziwazi, lakini hawakugawa programu iliyokamilika kwa ajili ya Xbox, kwa sababu kuikamilisha kulihitaji vifaa vya Microsoft ambavyo hawakuwa na ruhusa navyo. Kwa hiyo sisi tumejiwekea sharti: katika mashine ya kundi haiingii filamu ambayo hatukuinunua, hatukupewa, au hatukuitengeneza wenyewe.

Mtauliza, basi kitabaki nini? Kitabaki kingi. Kuna kwaya zetu, zinazoimba Jumapili hadi Jumapili bila kurekodiwa. Kuna wazee wanaojua visa vya Kinande ambavyo havikuandikwa popote. Mzee mmoja akizungumza nusu saa mbele ya simu nzuri, tumeokoa maktaba ndogo. Kuna walimu wanaoweza kufundisha hesabu za mwaka wa sita mbele ya kamera, kwa ajili ya watoto waliokimbia na kukosa darasa. Kuna michezo ya kuigiza ya vijana wenyewe. Tulipoonyesha kwa mara ya kwanza sherehe ya mavuno ya parokia, akina mama walijiona kwenye televisheni, wakainuka kwenda kuiambia skrini mambo yao. Ukumbi ulicheka hadi mvua ikasahaulika. Hakuna filamu ya mbali iliyowahi kutufanyia hivyo.

Wa tatu ni mzazi, naye atasema: mashine ni mashine, kesho watarudia kucheza. Kwake tunajibu kwa mfano wa kijana mmoja. Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation yake akiwa mtoto, akaipenda, na akajiwekea saa moja tu ya kucheza kwa juma. Saa nyingine za kompyuta alizitumia kutengeneza vitu kwa ajili ya wengine. Chombo hakikumwamuru, yeye ndiye aliyekiamuru. Nasi hatutaki kufunga vyumba vya michezo kwa kelele na laana. Tunataka vijana watoke humo wakiwa wamebeba lile sanduku la kona, na swali kichwani: hiki kinaweza kufanya nini kingine?

Maana mwishoni suala halikuwa filamu. Kijana aliyefungua mashine, akasoma volti, akaandaa kadi, akageuza filamu kwa kompyuta, huyo amejifunza kwamba kitu hakiishi pale mtengenezaji aliposema kinaishia. Kesho atafungua redio ya jirani, keshokutwa kidhibiti cha sola cha kituo cha afya. Mji wetu umejengwa na watu wa biashara, wanaokwenda mbali kununua vilivyotengenezwa na wengine. Hilo tunaliheshimu, kwani limetulisha. Lakini mji wa kununua tu hubaki ukingoja mzigo, na barabara zetu mnazijua. Tunahitaji pia mikono inayojua kufungua, kutengeneza na kufunga tena.

Basi tunawaomba kila kundi litafute mashine moja iliyokufa kabla ya mwisho wa likizo. Msinunue, ombeni. Mtafuteni fundi mmoja mwenye subira, mita moja ya kupimia umeme, na daftari la kuandika kila hatua, ili watakaokuja baada yenu wasichome ya kwao kama tulivyochoma ya kwetu.

Maswali ya kuzungumzia katika kundi

1. Katika nyumba zetu, ni vyombo gani vimewekwa kando ambavyo bado vina kazi? Nani kati yetu anaweza kutufundisha kuvitengeneza?

2. Umeme ukiwa kidogo, kundi letu litapangaje kati ya taa, simu na televisheni? Nani anaamua, na kwa haki gani?

3. Ni mzee gani, mwalimu gani au kwaya gani tungependa kurekodi kwanza, na tutamwomba ruhusa namna gani?