Lugha za Kigeni Chuo Kikuu: Elimu au Anasa?

Najua wapo watakaoshangaa: mwanachama wa Kiswahili anatetea lugha za wageni, tena ndani ya jarida la Kiswahili! Nivumilieni kidogo. Mkitaka kuniita msaliti, niiteni nikishamaliza, si kabla.

Kisa chenyewe kilianza wakati wa likizo ya Agosti. Nilimwonyesha baba karatasi niliyokuwa nimeorodhesha masomo ambayo ningependa kuyasomea chuo kikuu Mungu akinijalia. La kwanza kabisa lilikuwa Kijerumani. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa na kusoma upya. Kisha akaniuliza, "Sasa hiki Kijerumani utakila?" Mama alikuwa akichagua maharagwe. Hakuinua kichwa. Nikajua kura ni mbili kwa moja.

Baba yangu si mtu mgumu. Ana sababu, na sababu yenyewe ni dada yangu mkubwa. Dada alisomea Kifaransa kwa miaka minne. Siku ya mahafali tulikodi matatu nzima, shangazi zetu wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Baada ya hapo, jamani, ni miaka miwili ya kuuza mitumba sokoni huku mkopo wa masomo ukingoja kulipwa. Majirani walimbandika jina la "Bonjour." "Bonjour, hii sweta ni pesa ngapi?" Kwao ulikuwa mchezo, lakini kwa baba ulikuwa msumari wa moto juu ya kidonda. Ndiyo maana nilipotaja Kijerumani aliona mitumba tu mbele yake.

Tena baba hakuishia hapo. Aliniuliza, "Si vijana wa ufuoni kule Malindi wanaongea Kiitaliano kama maji? Nani aliwalipia karo?" Wanafunzi wenzangu, hoja hii ina uzito, na nisingependa kuikwepa. Ni kweli kwamba wapo vijana wengi Malindi na Watamu waliojifunza Kiitaliano kwa watalii bila kukanyaga darasa la lugha hiyo, na mimi nawavulia kofia. Wamejifunza kwa njia iliyo bora ya kuanzia lugha, yaani kwa kuisema. Lakini mpe kijana huyo mkataba wa kununua shamba ulioandikwa kwa Kiitaliano aufasiri kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya wakili. Au mpeleke mahakamani awe mkalimani wa mtu aliyeshtakiwa. Kosa moja tu na mtu amepoteza ardhi au amefungwa. Kuongea ni kitu kimoja, kufasiri ni kingine. Chuo kikuu ndiko mtu anakofundishwa sarufi kwa kina, isimu, fasihi, tafsiri na ukalimani. Hayo hayaokotwi mchangani.

Je, kazi zenyewe ziko wapi? Tuanzie mlangoni petu. Pale Gigiri, Nairobi, pana makao makuu ya Umoja wa Mataifa, ya pekee barani Afrika. Lugha rasmi za Umoja huo ni 6: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kichina, Kirusi na Kihispania. Wafasiri na wakalimani wanahitajika, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha kuwafunza. Mwaka 2005 chuo hicho hicho kilifunguliwa Taasisi ya Confucius ya kufundisha Kichina, ya kwanza Afrika. Tukija kwa majirani, Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Nchi zote hizo zina historia ndefu ya Kifaransa. Si ajabu kwamba mwaka 2021 viongozi wa Jumuiya walikubali Kifaransa na Kiswahili ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Lakini hebu tusidanganyane. Sote hatutaingia Gigiri. Nafasi za namna hiyo ni chache na wanaozitaka ni wengi. Anayekuambia kwamba shahada ya lugha ni tikiti ya ndege anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Dada yangu aliuziwa mbuzi huyo.

Nilipomwuliza ni wapi alipojikwaa, dada hakumlaumu mtu. Alinijibu, "Nilisoma Kifaransa vile nilivyosoma historia. Nikakariri, nikaandika mtihani, nikasahau." Darasani walikuwa wengi, na nje ya darasa waliongea Kiswahili na Kiingereza tu. Alihitimu akiwa anaweza kunyambua vitenzi vyote, lakini simu ikiita na mtu wa upande wa pili aseme Kifaransa cha haraka, anatetemeka. Tena hakuwa na ujuzi mwingine wowote wa kuambatanisha na lugha hiyo.

Ni kule kule kwenye mitumba ambako mambo yalibadilika. Alianza kuongea na wafanyabiashara wa Kikongo waliokuja kununua marobota. Walimsahihisha, wakamcheka, wakamsahihisha tena. Akasomea mambo ya forodha kwa miezi michache. Leo ameajiriwa na kampuni moja ya uchukuzi ambayo malori yake hutoka bandari ya Mombasa, hupitia Uganda, yakavuka mpaka pale Kasindi kuelekea Butembo, mashariki mwa Kongo. Upande ule karatasi za forodha ni za Kifaransa. Lakini mzigo ukikwama, dereva na mwenye mali hawagombani kwa Kifaransa, bali kwa Kiswahili. Dada huniambia, "Kifaransa ndicho kilichonipa kazi, lakini Kiswahili ndicho kinachomaliza kesi." Mshahara si wa kutikisa kijiji, lakini mkopo unalipwa, na jina la Bonjour sasa linatamkwa kwa heshima.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia wale wanaosema kwamba anayesoma lugha ya kigeni anakipa Kiswahili kisogo. Hapa shuleni sisi wa darasa la Kijerumani tu wanafunzi 11, na tumechekwa vya kutosha. "Ati der, die, das! Nani ataweza hayo?" Wewe uliyekaa na ngeli za Kiswahili tangu shule ya msingi, utashindwaje na tatu za Mjerumani? Nitawapa mfano. Kwa Kijerumani msichana ni *das Mädchen*, yaani haingii katika jinsi ya kike, bali katika ile ya tatu isiyo ya kike wala ya kiume. Wenzangu walisema Wajerumani wamechanganyikiwa. Mimi nilimkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili. Mtoto ni *huyu*, lakini ukimdunisha akawa kitoto, anahamia ngeli ya KI-VI na kuwa *hiki*. Basi ile *-chen* ya Kijerumani ni ya udogo vilevile, na kila neno inalolishika hulihamisha. Kumbe Kiswahili ndicho kilichonifungulia Kijerumani! Hata neno "shule," ambalo tunalitumia kila siku, tumelipata kutoka *Schule* ya Wajerumani.

Isitoshe, kuna jambo tunalolisahau: lugha yetu nayo ni lugha ya kigeni kwa wengine, na wanaisomea chuo kikuu. Kiswahili kinafundishwa London, Paris, Leipzig na Beijing. Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na kufikia mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilikuwa kimetoka. Berlin ilifungua chuo cha lugha za mashariki mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zilizofundishwa hapo. Tukubali kwamba wengi waliopitia chuo kile walijifunza ili waje kututawala. Hilo ni kweli na ni chungu. Lakini linatufunza nini? Kwamba watu wenye nia ya kufika mbali hawakuwahi kuiona lugha ya mwenzao kuwa anasa. Waliiona kuwa nguvu. Kwa nini sisi tuione kuwa mchezo?

Kwa hivyo, wenzangu mnaowazia Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu au Kichina, maoni yangu ni haya. Kwanza, someni lugha hiyo pamoja na kitu kingine, iwe ni ualimu, sheria, utalii, uanahabari au biashara. Lugha ni jembe zuri, lakini jembe lahitaji shamba. Pili, isemeni. Tafuteni wenyewe wa lugha na mkubali kuchekwa. Tatu, msitupe Kiswahili. Mfasiri husimama kwa miguu miwili, na mwenye mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi atachechemea tu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Nanyi wazazi na walimu, nawaomba kwa heshima, msitukatize kwa swali la "utakila?" kabla hamjauliza "utakitumiaje?" Swali la kwanza humfunga mtoto mdomo. La pili humlazimisha kufikiri, na mimi lilinilazimisha. Dada alikuja nyumbani wikendi moja, tukaketi na baba watatu. Niliandika karatasi mpya: Kijerumani na Kiswahili pamoja na ualimu, ili niweze kufundisha huku au hata kuwafundisha Wajerumani Kiswahili kule kwao. Baba aliisoma kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Shule kwa Kijerumani ni nini?"

"Ni *Schule*, baba."

"Kumbe walituibia!"

Nilimweleza kwamba ni sisi tuliochukua kwao. Akacheka, mama naye akacheka, na ile karatasi akaikunja vizuri na kuitia mfukoni mwa shati. Hajasema ndiyo. Lakini la pia hajasema, na mimi nangoja.

Kalamu naiweka chini hapo. Anayenipinga, karibu katika toleo lijalo.