Ng'ombe tunampa muda wa kucheua, mtoto tunamwambia "meza haraka"

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo sizungumzii mbolea wala bei ya maharage. Nazungumzia tunavyokula, na usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Hapa Tarakea anayemaliza sahani kwa dakika tano anasifiwa mchapakazi. Anayetafuna taratibu anaitwa mvivu. Sifa hiyo ni ya uongo.

Mfugaji yeyote wa ng'ombe wa ndani anajua: ng'ombe wa maziwa hucheua kama masaa 8 kwa siku na kutoa mate zaidi ya lita 100, na mate hayo ndiyo yanayopunguza tindikali tumboni. Mmwagie pumba na mahindi ya kusaga kwa mkupuo, aale upesi, uone. Tindikali inapanda, anasusa chakula, maziwa yanashuka. Hilo hatubishi, kwa sababu maziwa ni hela. Kisha mwenye ng'ombe huyohuyo anaingia ndani na kubugia kiburu kama anafukuzwa.

Mtu hacheui. Usichokitafuna mdomoni hakirudi kutafunwa tena. Mate yetu ndiyo yanayoanza kuvunja wanga wa ndizi na ugali, na shibe nayo ina safari yake: tumbo linatanuka, utumbo unatoa homoni, ubongo unapata habari baada ya kama dakika 20. Ukimaliza kwa tano, unaongeza sahani ya pili kabla habari ya kwanza haijafika. Mwaka 2010 watafiti wa Athens, Ugiriki, walichapisha jaribio la wanaume 17 waliopewa aiskrimu ya kiasi kilekile, mara moja kwa dakika 5 na mara nyingine kwa dakika 30. Walipokula taratibu, homoni za shibe zilipanda zaidi.

Lakini kinachoniuma hasa ni sinia. Watoto wanne, ugali mmoja, mboga katikati. Mkubwa anakata matonge makubwa, mdogo wa miaka miwili bado anahangaika na tonge la kwanza. Sinia likiisha mama anasema wote wamekula. Si kweli. Wamekula wenye kasi, na mdogo amejifunza kwamba kesho ameze bila kutafuna. Mtu wa namna hiyo akikua, usimlaumu kwa kula mbio, tulimfundisha sisi. Mtoto mdogo awe na bakuli lake, na mtu mzima akae naye mpaka amalize. Bakuli la plastiki si gharama ya kutushinda, sisi tunaochangia mbege bila kuhesabu.

Wenye maduka na magari ya mizigo, nanyi msijifiche. Kijana amepakia magunia tangu alfajiri, unampa dakika tano ale wali kwa sababu gari la Loitokitok linasubiri, halafu anarudi kuinama na tumbo limejaa. Anacheua kiungulia mchana kutwa. Umeokoa robo saa, na gunia bado linapakiwa polepole.

Mtaniambia, "Bwana shamba, hizo ni vidonda vya tumbo." Hapana. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria au na dawa za maumivu tunazomeza ovyo, na kutafuna hakuviponyi. Nenda hospitali upimwe. Ila kubeua, tumbo kujaa gesi na kiungulia baada ya mlo mkubwa wa haraka havihitaji jina la kutisha. Ukila mbio unameza na hewa.

Sitaleta methali ya haraka haina baraka. Kila mtu anaijua na hakuna anayeikumbuka akiwa na njaa. Fanyeni hivi: pakua nusu, kula, subiri kidogo ukiongea na wenzako, ndipo uamue kama unaongeza. Na wiki hii, kabla ya siku ya soko, mtenge mtoto mdogo na bakuli lake, uangalie anakula kiasi gani akiwa hashindani na mtu.