Kivu ya Kaskazini: Kanisani mtu aende kwa moyo wa kupenda, si kwa ajili ya jetoni

Siku ya yenga asubuhi katika mji wa Goma, makanisa yanajaa. Tangu saa moja barabara za Majengo, Katoyi, Ndosho na Mugunga zina watu waliovaa vizuri, wamama na vikwembe vyao, watoto wenye viatu vilivyopakwa rangi, vijana wa korali wanaokimbia kwa sababu wamechelewa. Mwenye kupita anaweza kufikiri kwamba mji mzima unampenda Mungu. Labda ni kweli. Lakini kujaa kwa kanisa ni jambo moja, na kilichowaleta watu ndani yake ni jambo lingine.

Kuna baba anayekwenda kwa sababu bibi yake amekasirika juma lote. Kuna mfanyabiashara anayekaa kwenye benchi la mbele kwa sababu wateja wake wako nyuma wanamtazama. Kuna kijana anayekwenda kwa ajili ya msichana wa korali (huyo angalau anafika mapema). Kuna jamaa ya wakimbizi wa ndani iliyosikia kwamba nyuma ya ibada kutagawanywa unga, na kwamba shemasi ataandika majina ya waliokuwa ndani. Na kuna wale ambao hawaendi tena kabisa. Walikuwa wakristo wa kila juma huko Masisi, Rutshuru ao Kalehe, walikuwa na kiti chao, walijulikana, wengine walikuwa wazee wa kanisa. Leo wanabaki ndani ya chumba cha kuazima, wanasikia nyimbo kutoka mbali, na wanasema watarudi kanisani siku watakapopata nguo.

Habari ya moyo wa kupenda haikuanzishwa na wahubiri wa leo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 35, Musa anawaita Waisraeli walete vitu vya kujenga hema la Mungu, na sharti lilikuwa moja tu: aliyesukumwa na moyo wake alete. Asiyesukumwa hakuandikwa jina. Yafaa kukumbuka hao watu walikuwa nani. Hawakuwa na mashamba wala nyumba. Walikuwa wametoka utumwani, wanalala chini ya mahema jangwani, wanangojea chakula cha kila siku. Kwa maneno ya leo, hiyo ilikuwa kambi. Na kambi hiyo ilileta dhahabu, nyuzi, ngozi na mbao, mpaka mafundi wakaenda kumwambia Musa kwamba vitu vimezidi kazi. Sura ya 36 inaeleza kwamba Musa alipitisha tangazo watu waache kuleta. Wakristo wengi wa Goma wangefurahi kusikia tangazo la namna hiyo angalau mara moja, badala ya kuitiwa bahasha ya tatu.

Basi hakuna mtu anayeweza kusema kwamba aliyepoteza kila kitu hana cha kupeleka mbele ya Mungu. Shida iko kwingine. Wengi wanafikiri kwamba moyo wa kupenda ni moyo wenye furaha, na kwamba mtu mwenye huzuni akae nyumbani mpaka apate nafuu. Baadhi ya viongozi wa sifa wanaongeza kosa hilo. Wanashika mikro, wanaamuru watu wote wacheke, warukeruke, wamwambie jirani kwamba leo ni siku njema. Mama aliyezika mtoto pembeni ya barabara ya Sake hawezi kumwambia jirani hivyo. Akinyamaza, wanasema hana imani. Juma linalofuata haonekani tena, na hakuna anayeuliza sababu.

Huyo mama yafaa asomewe habari ya Hana, katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 1. Hana hakuwa na mtoto. Kila mwaka alipanda Shilo pamoja na mume wake Elkana, na kila mwaka Penina, mke mwenzake, alimchokoza mpaka analia na kukataa chakula. Siku moja aliinuka, akaenda kusali na uchungu wake wote. Midomo ilitikisika, sauti haikusikika. Kuhani Eli, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alimtazama na kudhani amelewa. Mtu wa Mungu, mwenye uzoefu wa miaka mingi, alishindwa kumtambua mtu aliyekuwa anasali kuliko wote siku ile. Hana alimweleza kwa heshima kwamba hakunywa pombe, bali anamwaga roho yake. Eli naye akakubali, akambariki. Ni nyuma ya hapo tu ndipo Hana alikula, na uso wake ukabadilika. Hakungoja furaha ili aende Shilo. Alikwenda jinsi alivyokuwa, hakuna aliyemsukuma, na hakuficha machozi ili awapendeze waliokuwa mlangoni.

Moyo wa kupenda ni huo. Mtu anaamua mwenyewe kwenda, na anapofika anakuwa mkweli mbele ya Mungu. Akiwa na shukrani alete shukrani. Akiwa na hasira juu ya nyumba iliyochomwa, alete hasira hiyo. Zaburi nyingi ni malalamiko, na zimo ndani ya Biblia ileile ambayo viongozi wa sifa wanaibeba mkononi.

Kuhusu unga na jetoni, inafaa kusema wazi, maana jambo hili linaumiza watu na halizungumzwi mbele ya mikro. Makanisa ya Goma yamefanya kazi kubwa. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, makanisa na mashule yalifungua milango, jamaa zikalala juu ya mabenchi na chini yake. Makambi ya Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na mengine yalipobomolewa mwezi uliofuata, waamini waligawana na wageni kile kidogo walichokuwa nacho. Ubaya unaanza pale chakula kinapofungwa kwenye kuhudhuria ibada. Mwenye njaa atakuja, na hakuna wa kumlaumu, kwani mtoto analia nyumbani. Lakini kanisa litakuwa limenunua mwili wake kwa muda wa saa tatu, na moyo wake utakuwa unahesabu magunia. Katika Injili ya Yohana, sura ya 6, Yesu aliwalisha watu kwanza, bila kuuliza nani ni wa dhehebu gani. Kesho yake aliwaambia waziwazi kwamba wanamfuata kwa sababu ya mikate. Na wengi walipoamua kuondoka, hakutuma mtu kuwazuia njiani. Shemasi mwenye orodha ya majina angesoma sura hiyo mpaka mwisho.

Haya ya nguo na sadaka nayo inawafukuza watu kuliko wahubiri wanavyofikiri. Mwanzoni mwa mwaka 2025 benki za Goma zilifunga milango, noti zikawa ngumu kupatikana, hata waliokuwa na mshahara walikuwa wanakopa unga wa bukari kwa jirani. Na bado kuna mahali ambapo watu wanaitwa mbele kwa mafungu: kwanza wenye dola, nyuma yao wenye franga elfu kumi, mwishoni waliobaki. Waliobaki wanatembea mbele ya macho ya watu wote na mkono mtupu uliokunjwa kama vile una kitu ndani. Yakobo, sura ya 2, alikemea kanisa ambalo linampa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame ao aketi chini. Yeye hakuona viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe ambavyo vinabaki wazi kungojea wakubwa huku wazee wa watu wanasimama mlangoni, lakini angevitambua. Mjane wa Luka 21 alitoa sarafu mbili tu, na aliyesifu sadaka yake ni Yesu. Hakuna mahali panapoandikwa kwamba mtu alimwita jina lake kwa sauti ili atoe.

Wengine watasema kwamba watu wakiachiwa uhuru, makanisa yatabaki matupu. Wazee waliosoma katika mashule ya misheni wakati wa Wabelgiji wanajua jibu. Walipelekwa misa kwa mstari, na aliyekosa alipata adhabu. Wako waliotoka shule na wasirudi tena, na wako waliorudi wenyewe miaka mingi baadaye, wakati hakuna tena mwenye fimbo. Watoto wa leo wafundishwe njia ya kanisa, ni kazi ya wazazi, lakini mtoto anayeburutwa kwa matusi tangu nyumbani mpaka mlangoni atakumbuka matusi kuliko mahubiri.

Yafaa pia kutazama wale ambao kwenda kwao kulikuwa na bei. Tarehe 15 Januari 2023, siku ya yenga, huko Kasindi katika Beni, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste wakati wa ibada, na watu zaidi ya 10 wakauawa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, tena siku ya yenga, waasi wa ADF waliwashambulia waamini waliokuwa katika mkesha wa sala kwenye kanisa la kikatoliki huko Komanda, Ituri, na zaidi ya watu 40 walikufa katika shambulio hilo. Mtu haendi kusali usiku wa manane katika Ituri ili aonyeshe kikwembe kipya. Hiyo haimaanishi kwamba kila mkristo ajitupe katika hatari. Pale ambapo njia si salama, jamaa ikae nyumbani na isali hapo, na mchungaji asiyasumbue majina yao siku ya ibada. Mwaka 2020, wakati wa korona, makanisa ya Congo yalifungwa miezi kadhaa kwa amri ya serikali, na Mungu hakuwapoteza watu wake. Ila wakati huo wengi walitambua wanachokosa: mkono wa kushika, sauti ya wengine inayobeba wimbo pale mtu anaposhindwa kuimba, jirani anayeuliza jinsi mgonjwa alivyolala. Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, unaposema wakristo wasiache kukutanika, unaeleza pia sababu yake, nayo ni kutiana moyo.

Uchovu pia usiwafungie watu nyumbani. Matendo ya Mitume, sura ya 20, inaeleza kijana Eutiko aliyekaa dirishani huko Troa, Paulo akahubiri mpaka usiku wa manane, kijana akalala, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Waliomwokota walidhani amekwisha. Paulo alishuka, akamkumbatia, akatangaza kwamba yuko hai. Hakumkemea kwa kulala. Mwenye kusinzia kanisani baada ya kulima shamba la mtu siku sita kwa malipo madogo, huyo amefika, na inatosha. (Wahubiri wa saa tatu wasome pia habari hiyo kwa upande wa urefu wa mahubiri.)

Na mtu akitoka mlangoni, moyo ule unaonekana wapi? Goma ina mfano wake. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa mji huu, mtu wa sala katika jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa maibobo wa barabarani. Alifanya kazi katika OCC, ofisi inayochunguza bidhaa kwenye mpaka. Walimletea pesa ili aache vyakula vilivyoharibika viingie sokoni. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo. Sala aliyosali kwa kupenda ilimfuata mpaka kwenye magunia ya mpakani, mahali ambapo hakuna korali wala mtu wa kumtazama. Wako wengine wengi wanaosali kwa sauti kubwa siku ya yenga, na kesho yake wanamwomba mkimbizi franga ili wamwandike kwenye orodha.

Makanisa yanayotaka waamini wenye moyo huo yana kazi ndogo ndogo za kufanya, na hazihitaji mfadhili. Mtu wa mlangoni amsalimu mgeni bila kumtazama viatu. Sanduku la sadaka likae mahali pamoja, mwenye nacho apite. Nyimbo mbili ziimbwe kwa Kihunde, Kinyarwanda ao Kinande, ili aliyetoka kijijini asikie sauti ya kwao. Chakula kigawanywe siku nyingine ya juma, mbali na ibada. Jamaa zilizorudi Masisi na kukuta kanisa halina mabati, na ambazo zinasali chini ya mti kila mtu na jiwe lake la kukalia, zitembelewe na wachungaji wa mjini, hata bila zawadi mkononi. Na saa ya ibada itazamwe upya. Ikianza saa nne badala ya saa moja, mama aliyeshuka ziwani na bidoni alfajiri anapata muda wa kupanda nayo, kuogesha watoto, na kufika kabla ya wimbo wa kwanza.