Wekundu wa Mawese si Uchafu

Katika maduka yetu mafuta ya kula huthaminiwa kwa macho. Yakiwa maangavu kama maji huhesabiwa kuwa safi. Yakiwa mekundu huitwa mafuta ya kishamba. Kipimo hiki hakina msingi wa kisayansi, na kwa upande wa mawese kinatupotezea chakula bora.

Mawese hukamuliwa kutoka katika nyama ya tunda la mchikichi, mti ambao wakulima wa Kigoma wameutunza kwa vizazi vingi. Wekundu wake hutokana na karotini, rangi ile ile iliyomo katika karoti. Kilo moja ya mawese ambayo hayajapitia kiwandani huwa na takriban miligramu 500 hadi 700 za karotini za aina mbalimbali. Mwili hugeuza sehemu ya karotini hizo kuwa vitamini A. Bila vitamini hiyo jicho haliwezi kuona katika mwanga hafifu, wala mwili hauwezi kupambana vema na maradhi. Mtoto anayeikosa huanza kwa kutoona vizuri wakati wa jioni. Upungufu ukizidi, jicho hukauka, hupata vidonda, na huweza kupofuka kabisa. Tena karotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Ndiyo maana mchicha uliopikwa kwa mafuta kidogo hufaa kuliko uliochemshwa mtupu, na mawese hubeba vyote viwili kwa pamoja.

Kiwandani, mawese huchanganywa na udongo maalumu unaonyonya rangi, kisha hupitishiwa mvuke katika joto linalozidi nyuzi 200 za Sentigredi ili kuondoa harufu. Hutoka maangavu, lakini karotini karibu yote imekwisha kupotea. Kwa kanuni za 2011, viwanda vya Tanzania vilitakiwa kutia vitamini A katika mafuta ya kula. Kanuni hiyo ni njema, kwani huwafikia wanunuzi wengi. Hata hivyo, tazama mzunguko wenyewe: twalipa ili asili ya vitamini iondolewe, kisha twalipa tena ili vitamini irudishwe!

Haki yadai tuseme na upande wa pili. Mawese si dawa. Karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, ambayo yakizidi huongeza lehemu katika damu na kuuhatarisha moyo. Alizeti ina kiasi kidogo zaidi cha aina hiyo. Mpishi anayeyachoma mawese mpaka wekundu utoweke naye huiteketeza karotini jikoni mwake. Kwa hiyo yafaa yatumike kwa kiasi, bila kuunguzwa; kijiko kidogo katika maharage ya mtoto chatosha.

Mwaka 2018 Serikali ilianza juhudi za kufufua zao la mchikichi mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa jukumu la kuzalisha miche bora. Juhudi hizo hupimwa zaidi kwa tani na kwa fedha za kigeni zitakazookolewa. Maoni yangu ni kwamba hesabu hiyo haijakamilika. Sehemu ya mavuno hayo haina budi kubaki nyekundu, na ifike katika vyakula vya shule zetu. Nanyi walimu wa kemia na biolojia, waulizeni wanafunzi wenu: mafuta ya nyumbani kwao yalikuwa na rangi gani kabla ya kufika dukani, na rangi hiyo ilikwenda wapi?