Rangi ya shimo letu iko ndani ya ordinatere ya nani?

Ndugu zetu wa Uvira, Fizi na Bonde la Ruzizi, tuanze na mto wetu. Sisi huku tunauandika Ruzizi. Ng'ambo, Burundi, wanauandika Rusizi. Mtu akisoma anajua ni maji yale yale. Ordinatere, hapana. Kwake ni mito miwili, mpaka mtu aiwekee kamusi ya kuiambia kwamba majina haya mawili yana kodi moja.

Hiyo kamusi ndiyo tunataka kusemea leo, kwani chakula cha watoto kinapitia humo. Tangu 2012 Kongo ilipoingiza mfumo wa CIRGL katika sheria zake, machimbo ya kasiterite, koltani, wolframite na dhahabu yanapewa rangi. Kijani: mali inaweza kupata cheti na kuvuka mpaka. Njano: kuna muda wa kurekebisha. Nyekundu: basi. Watu wenye silaha kukaa juu ya shimo, watoto kuchimba, hayo yanaleta nyekundu, na hapo hatuna ubishi. Lakini waziri akisha kutia sahihi, lazima mtu aingize ile rangi ndani ya mashini. Mule ni mstari mmoja tu: kodi, jina la karieri, rangi. Herufi moja ikienda kombo, ao rangi ya zamani ikibaki, gunia linalala na baba anarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama karatasi zake ni safi.

Mafundi wa programu wanajua dawa yake, tena ya zamani. Orodha kama hizi hazishonwi ndani ya programu yenyewe. Zinawekwa pembeni, katika jedwali ambalo mwenye ruhusa anaweza kusahihisha bila kungoja fundi atoke Kinshasa, na kila badiliko linabakiza tarehe na jina la aliyelifanya. Vilevile kiwango cha dola kwa franka, ambacho wote tunajua namna kinavyochezacheza.

Tunaomba biro zinazotumia mfumo huu zitundike jedwali ukutani, kwa Kiswahili, na majina jinsi wachimbaji wanavyoyatamka. Watasema ni siri ya kazi. Siri gani? Arrêté ya waziri ni ya watu wote. Neno la siri la kufungulia mashini, hilo wafiche vizuri. Rangi ya karieri ya Misisi si neno la siri la mtu. Nazo kooperative zitume kijana mmoja aliyesoma, alinganishe ukuta na arrêté kabla gunia halijapanda gari.