Ekrani ya swichi isifungiwe mu biro

Siku moja ya posho, mutumikaji mumoja alinifikia nyumbani na fishi yake ya mushahara mukononi. Alikuwa ameikunja mara nne, sawa karatasi ya hospitali. Wakati ule nilikuwa natumika kwa mambo ya rezo mu kompani moja ya mugodi huku kwetu Katanga. Akaniambia: "Yaya, angalia. Bamekata siku mbili. Banasema sikukuya ku kazi. Na mi nilikuwa chini, bantu ba ekipe yangu bote baliniona."

Nilimwamini, juu nilijua masini ya pwentaje ya pale ku mulango ilikuwa inasumbua. Unapitisha kadi, taa inawaka, unaingia, unashuka mu shimo. Lakini kama kable inayotoka ku ile masini haifiki vizuri ku swichi, jina lako halifiki mu biro ya personeli. Masini zingine zinaweka majina ndani yao mupaka rezo irudie. Ile yetu haikuwa imepangwa hivyo. Wenzake wengine waliopita saa ile ile walikuwa wameandikwa na mulinzi mu kaye, ao shefu wa poste aliwatetea. Yeye hakuwa na wa kumusemea.

Siku ya kwanza ya juma nilienda pale ku mulango na ordinatere yangu. Ile swichi ilikuwa imewekwa kisha zingine zote, na hakuna mutu aliyekumbuka kuiandika mu programu tuliyotumia kwa kuchunga rezo. Kwa hiyo ku ekrani yetu ya biro haikuwa inaonekana kabisa. Ekrani ilikuwa kijani toka juu mupaka chini, na ku mulango watu walikuwa wanapoteza mushahara wao. Nikachomeka kable yangu mu swichi yenyewe, nikasoma kumbukumbu yake. Ilikuwa imeandika kila kitu: mulango wa 17 ulianguka, ukasimama tena kisha saa moja na dakika 47. Kesho yake vile vile, karibu saa nzima. Ilikuwa njo asubuhi, wakati poste ya kwanza inaingia.

Shida ilikuwa tarehe. Swichi nyingi za Cisco za aina ile, kama hakuna mutu aliyezionyesha saa, kila zikiwaka zinaanza kuhesabu toka tarehe 1 Machi 1993. Kwa hiyo ushuhuda wangu ulisema kama mulango ulianguka mu mwaka 1993. (Wazee watakumbuka: njo mwaka Kipushi ilisimama.) Nilihesabu kwa kalamu: swichi imewaka siku ngapi, toa hii, ongeza ile, tunafika ku zile siku mbili za fishi. Hesabu ilikuwa sawa. Mu biro ya personeli waliangalia karatasi yangu, wakacheka, wakaniambia kompani hailipi siku za 1993. Zile siku mbili hazikurudi.

Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu watu wengi wa mugodi wanazania kama swichi ni mambo ya maenjenyeri na vijana wa ordinatere. Hapana. Ni kisanduku cha chuma chenye milango, 24 ao 48, na mu kila mulango kunaingia kable. Kila neno linalopita kati ya masini na masini linapitia pale. Mu mugodi wa siku hizi, angalia ni nini vinaning'inia ku kile kisanduku: telefone ya chini, kamera, masini zinazosoma vile vibati mulivyofunga ku kofia ao ku mukaba kusudi wajue nani iko chini na nani amepanda, habari za pompe na za ventilateri, balanse inayopima makamio. Kable ya shaba haipashwe kupita metre 100, kwa hiyo chini swichi ni nyingi, zinafuatana na fibre toka galeri mupaka galeri. Ziko mu vumbi, mu joto, mu maji yanayotona. Moja ikikufa, vyote vilivyo nyuma yake vinanyamaza.

Kuchunga hizi zote, kuna programu. Kazi yake ni kuuliza. Kila dakika tano, ao mbele ya pale, inapita ku swichi moja moja: unaishi? Mulango wa 3 umesimama? Mizigo ngapi imepita, ngapi imeharibika njiani? Joto lako liko wapi? Luga wanayoongea inaitwa SNMP, ilitoka mu mwaka 1988, na mupaka leo karibu kila swichi ya kazi kubwa inaisikia. Swichi nayo inaweza kulia yenyewe bila kuulizwa, mulango ukianguka. Lakini kile kilio mara nyingi kinatumwa bila mutu wa kujibu "nimesikia", kinaweza kupotea njiani. Na swichi iliyokosa umeme hailie hata kidogo. Njo maana kuuliza ni lazima. Kompani inayongojea tu kilio ni sawa muzazi anayesema mutoto wake ni muzima juu hajalia.

Sasa neno langu. Ile ekrani inayoonyesha swichi gani iko sawa na gani imeanguka, iko wapi? Mara nyingi iko mu biro yenye klima, mulango umefungwa na funguo, ao iko mu muji mwingine, hata mu inchi ingine. Mutu aliyefunga taa ku kichwa na anayeshuka, yeye haione. Shefu wa poste anajua kama swichi imekufa siku anashika telefone ya chini na haisikii kitu. Mimi nasema: tuweke ekrani ya pili mu lampisteri, pale kila mutu anapokamata taa yake mbele ya kushuka. Ionyeshe swichi zote za chini na zile za pwentaje, kila moja na jina la galeri yake, na rangi yake, na saa ya mwisho iliyojibu. Ni hiyo tu.

Nimekwisha kusikia majibu. La kwanza ni usalama: mukionyesha rezo kwa watu wote, wezi watajua njia. Ninakubali kama kuna mambo ya kuficha. Lakini kuona na kugusa ni mambo mawili. Programu yote ya maana inajua kutoa ruhusa ya kusoma bila ruhusa ya kubadilisha. Na wanaosema usalama, ningependa kuwauliza kama wamebadilisha maneno ya siri. Swichi nyingi za zamani zilitoka ku kiwanda na neno "public" kwa kusoma na neno "private" kwa kubadilisha, na dunia nzima inayajua. Nimeona mahali wameyaacha hivyo myaka na myaka. Ni sawa kuacha funguo ya depo ya dinamiti ku musumari, halafu unakataza watu kuangalia depo kwa mbali. SNMP ya tatu, yenye kumujua kila mutumiaji na kufunika maneno, iko tangu kitambo. Waitumie, kisha tuongee usalama.

La pili: watumikaji wakiona nyekundu wataogopa, watakataa kushuka. Hili linanikasirisha kidogo. Baba zetu walishuka wakisikiliza mulio wa jiwe. Mutu wa chini anajua kusoma alama kuliko mutu wa biro. Akiona kama swichi ya galeri yake haijajibu toka nusu saa, hatakimbia. Atauliza shefu: leo tunaongea na juu kwa njia gani? Kuna radio? Nani atashuka kutuita? Hayo ni maulizo ambayo mukubwa wa kazi alipashwa kuwa amekwisha kujibu.

La tatu hawalisemi kwa sauti: mutu aliyekatwa siku atakuja kuonyesha ekrani. Ndiyo, atakuja. Na kama hakukuya ku kazi, ile ekrani ile ile itaonyesha kama mulango wa pwentaje ulikuwa umesimama muzuri, na hatakuwa na la kusema. Inakata pande zote mbili.

Lakini nisiwadanganye, ekrani peke yake haitoshi. Ile yetu ilikuwa kijani, juu swichi ya pale ku mulango haikuwa mu liste. Programu inachunga tu kile ulichoiambia ichunge. Kwa hiyo pembeni ya ekrani kupashwe kuwa na karatasi: swichi zote za mugodi, moja moja, na mahali pake. Kila swichi mupya ikiwekwa, iandikwe siku ile ile. Na zote zikamate saa yao ku masini moja inayojua saa ya kweli. Hiyo ni kazi ndogo sana, hakuna kununua kitu.

Kuna tena jambo la kubadilisha, maana ile programu haiangalie tu. Mutu akikaa mbali anaweza kufunga mulango, kufungua mulango, kuhamisha telefone toka kundi moja mupaka lingine, yote na vidole. Ni muzuri, inaokoa safari ya kushuka. Lakini nimeona enjenyeri mumoja, mutu wa akili kabisa, amechoka, usiku, anazania iko mu swichi ya magazini na kumbe iko mu ile inayobeba fibre ya chini. Akaandika mustari mumoja. Galeri mbili zikanyamaza, na yeye mwenyewe akajikata, juu njia aliyopitia njo ile aliyofunga. Ilibidi mutu ashuke kwa miguu na kable. Chini kulikuwa ekipe nzima, na kwa saa mbili wake zao, kama wangejua, hawangelala. Hawakujua. Hakuna aliyewaambia, na hakuna aliyeandika raporo.

Wenye ufundi wanajua dawa. Mbele ya kubadilisha kitu cha mbali, unaiamuru swichi ijizime na kujiwasha yenyewe kisha dakika kumi. Mabadiliko hauyaweke bado mu kumbukumbu ya kudumu. Kama umejikata, unangoja tu: swichi inajiwasha, inarudia vile ilikuwa. Kama mambo ni sawa, unafuta ile amri, unaweka kumbukumbu, unaenda kulala. Lakini ile dawa inatumika na mutu aliyepumzika na aliyefundishwa, na mahali pengi vijana wa rezo ni wawili watatu kwa mugodi muzima. Siwalaumu wao. Ninalaumu kanuni isiyokuwako: wakati poste iko chini, mutu asiguse swichi ya chini bila kumwambia shefu wa poste, na jina lake na saa viandikwe. Umeme wa chini unakatwa hivyo, na karatasi na kufuli. Kwa nini maneno ya chini yakatwe bila karatasi?

Mu 2011 maji yalijaa mu mugodi wa Kipushi kwa sababu pompe hazikutunzwa vizuri muda murefu. Ile haikuwa mambo ya swichi, na sitaki kuchanganya. Ninaikumbusha kwa sababu moja: kupomba yale maji kulichukua myaka mingi, na uzalishaji ulirudia mu 2024 tu. Masini ya chini inachoka pole pole, mahali watu wa juu hawaone, na siku wanaona, saa ya kutengeneza imekwisha kupita. Swichi nayo inaonya mbele ya kufa: joto linapanda, mizigo inayoharibika inaongezeka kila siku kidogo, mulango unaanguka na kusimama, unaanguka na kusimama. Yote hayo yanaandikwa. Kinachokosa ni macho ya kuyasoma, na macho ya bei rahisi kabisa ni ya wale mia tatu wanaopita mu lampisteri kila poste.

Kwa hiyo wadelege wa sendika, mukikaa na wakubwa, musilombe maneno makubwa. Muulize liste ya swichi. Muulize nani ana ruhusa ya kubadilisha, na kama jina lake linabaki mahali fulani kila mara akigusa. Mulombe ekrani moja, ya kusoma tu. Na nyinyi wamama, bwana akileta fishi yenye siku zimekatwa na anaapa kama alienda, musianze palabre naye mara moja. Mumutume kwanza aulize mulango wa pwentaje ulikuwa namna gani ile asubuhi.

Ile saa ya swichi ya pale ku mulango, niliirudisha sawa siku ile ile niliyoisoma. Ilichukua dakika mbili.